Upande wa Kushoto wa Baba

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani yao Mama Derick hajamaliza kelele zake, Saruni alikuwa akitoka nje, akisimama kwenye lango la zizi na kupiga mluzi. Ulikuwa mluzi mmoja tu, mrefu, unaopanda kama unauliza kitu, kisha unashuka taratibu kama mtu aliyejijibu mwenyewe. Majirani wa Olmotonyi walikuwa wameuzoea kama walivyouzoea ukungu. Kwa Sinyati, binti yake, mluzi huo ndio ulikuwa saa. Ukisikika, alirusha blanketi pembeni, akajitupia kanga mabegani na kwenda kuwasha moto wa chai. Ilikuwa hivyo tangu yuko darasa la pili. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye bustani ya miche ya msitu, ana simu yenye milio ya kila namna, na bado hajawahi kutega kengele.

Asubuhi ile mluzi haukuja.

Sinyati aliamshwa na mwanga wa dirishani, akaruka kitandani akijua amechelewa kila kitu. Nje, ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati la banda la kuku. Ng'ombe walishatoka zizini wenyewe na kujipanga kwenye njia ya malisho, yule mwekundu mwenye pembe moja akiwa mbele, kama abiria wanaomsubiri dereva. Dereva mwenyewe alikuwa amesimama langoni, shuka limemfunika mpaka masikioni. Alikuwa amebinua midomo, anapuliza. Ilitoka hewa tu.

"Shikamoo, Baba. Kuna nini?"

Saruni aligeuka. Nusu ya uso wake ilikuwa ni baba, na nusu ya pili ilikuwa kama imeachiwa kamba. Shavu la kushoto limeteremka, pembe ya mdomo imelegea na mate yanachuruzika. Jicho la upande huo lilikuwa wazi kabisa, halipepesi, linamkodolea binti yake kana kwamba halimjui.

"Mluzi umekataa," alisema. Maneno yalitoka yameloa.

Sinyati alitaka kupiga kelele. Mama yake, Marta, ndiye aliyepiga, alipotoka jikoni na ungo wa mahindi mkononi. "Kiharusi! Bwana Yesu, mume wangu amepatwa na kiharusi!" Ungo ukaanguka, kuku wakaja kufaidi mahindi. Haukupita muda mrefu Mama Derick alikuwa ameshapita kwenye uzio, anasema huo siyo ugonjwa wa hospitali, huo ni upepo mbaya umempiga mtu kofi. Tajeu, mdogo wake Saruni, akafika na pikipiki yake, akamzunguka kaka yake mara mbili kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Shemeji, usilie," alimwambia Marta. "Kwanza ni nusu tu."

"Nusu tu? Wewe Tajeu una akili?"

"Mpakeni samli ya moto."

"Hapakwi samli mtu," alisema Sinyati, na wote wakageuka kumtazama, kwa sababu yeye si msichana wa kusema sana. "Tunaenda mjini, hospitali."

Akaingia ndani kuchukua pochi. Na nyuma ya haraka hiyo kulikuwa na wazo ambalo alilionea aibu: Jumamosi ya wiki iliyofuata, wazee wa Bariki walikuwa wanakuja kutoka Kikatiti kumposa.

*

Kwenye geti la hospitali, mlinzi alimtazama Saruni anavyojaribu kutaja jina lake, akacheka. "Mzee, pombe asubuhi yote hii?"

Saruni alikuwa mzee wa kanisa. Pombe aliiacha kabla Sinyati hajazaliwa. Alivuta shuka, akaufunika upande wa kushoto. Sinyati aliona shingo ya baba yake ikiinama kidogo, ile shingo isiyoinama, na machozi yakamlenga.

"Kaka, baba yangu anaumwa," alisema taratibu.

Mlinzi aliacha kucheka, akaondoka mwenyewe kwenda kutafuta kiti cha magurudumu. Saruni alikikataa. Miguu yangu ni mizima, alisema, na akapita mlangoni akipiga hatua ndefu kuliko kawaida, katambuga zake za matairi zikilia kwenye sakafu, ili kila mtu aone.

Daktari aliitwa Catherine. Alikuwa binti mdogo kiasi kwamba Marta alimtazama mlangoni akisubiri mkubwa wake aingie. Alimwamkia Saruni, akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Baba, hebu pandisha nyusi. Shangaa, kama umesikia mtu anauza dume kwa bei ya mbuzi."

Saruni alishangaa. Paji la uso likakunjamana upande wa kulia tu. Kushoto likabaki laini kama la mtoto.

"Vizuri sana," alisema daktari.

"Vizuri nini, mwanangu?" Marta alikuwa karibu kulia tena.

"Vizuri kwa sababu kiharusi mara nyingi huwa kinaliacha paji la uso. Mtu anashangaa pande zote mbili. Hapa ni mshipa wenyewe wa fahamu unaoendesha uso ndio umelala. Baba, hivi karibuni umeugua homa?"

Saruni alitazama ukuta. Marta akajibu kwa niaba yake, kama alivyojibu kwa niaba yake maisha yote. Mume wake alikwenda Dar es Salaam kuuza ng'ombe kwenye mnada wa Pugu. Aliporudi alikuwa anawaka moto. Macho yalimuuma kwa ndani, viungo vyote vikamkatika, akatoka vipele kama amepita kwenye upupu. Duka la dawa walimpima malaria, hawakuona kitu, wakampa dawa ya malaria. Homa ikaisha yenyewe. Wakashukuru Mungu, wakasahau.

Akatolewa damu, wakasubiri kwenye benchi mpaka chapati walizofunga zikaisha. Daktari aliporudi na majibu alisema ilikuwa homa ya dengue, ya virusi vinavyoletwa na mbu. "Siyo mbu wa usiku wa malaria. Huyu anauma mchana, watu wanatembea."

"Mchana nilikuwa Kariakoo," Saruni alijisemea.

Marta akageuka. "Kariakoo? Ng'ombe wanauzwa Pugu. Kariakoo ulifuata nini?"

Saruni akanyamaza. Sasa alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza.

Daktari aliwaeleza taratibu. Wengi wakipata dengue, homa inaisha na maisha yanaendelea. Lakini kwa wachache sana, kinga ya mwili ikishamfukuza mdudu haijui kuacha. Inaendelea kupiga, na inaupiga hata mshipa wa mwenye nyumba.

"Kama mgambo," alisema Saruni.

Daktari alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo, baba. Kama mgambo kabisa." Kisha akawa makini, akamtazama Sinyati. "Dada, sikiliza. Miguu ikianza kuishiwa nguvu, au akipumua kwa shida, msisubiri kupambazuke. Mleteni hapohapo. Ila leo miguu yake ni mizima na kifua ni kizima. Uso nao, kwa wengi, hurudi."

"Lini?" aliuliza Sinyati.

"Wiki kadhaa. Pengine miezi."

"Siyo Jumamosi ijayo?"

Daktari aliwatazama wote watatu, akaelewa kuna jambo. "Siyo Jumamosi ijayo, mpenzi," alisema.

*

Nyumbani, kioo cha Sinyati kilitolewa chumbani na kutundikwa kwenye nguzo ya baraza. Asubuhi na jioni Saruni alikaa mbele yake kwenye kigoda na kufanya mazoezi aliyopewa: kujaza mashavu hewa, kubinua midomo, kupandisha pua, kusema a, e, i, o, u. Siku ya kwanza alifanya kama anayekula kiapo mahakamani. Hewa ikatoka kando kwa mlio ambao kuku wote waliukimbia.

Marta alikuwa anachambua maharage. Aliinamisha kichwa kwenye sinia, mabega yakaanza kumtikisika.

"Unalia?" Saruni aliuliza.

Hakuwa analia. Alipoinua uso, machozi ya kicheko yalikuwa yamefika kidevuni. Saruni akamtazama kwenye kioo, akajitazama na yeye, na upande wake wa kulia ukashindwa kujizuia. Walicheka mpaka Mama Derick akachungulia kwenye uzio kuangalia kama upepo mbaya umeshampiga na mke.

Jioni, Marta alimtia matone kwenye lile jicho lisilofumba, kisha akalifunga kwa kidole chake na kulibandika plasta. "Haya, lala sasa, jicho la serikali," alimwambia, "huoni kama umeshalinda vya kutosha?" Na mkono wake ulibaki pale shavuni muda mrefu kuliko plasta ilivyohitaji. Sinyati aliyaona hayo akiwa mlangoni na kibatari, akarudi nyuma polepole asionekane.

Kwa ng'ombe nako kulikuwa na mapya. Kwa kuwa mluzi haukuwepo, Saruni alianza kuongea nao. Mtu aliyepitisha siku nzima kwa maneno ya kujaza kiganja, sasa alisikika njiani akisema, "Wewe mwekundu, usinisukume. Na wewe, mbona unanitazama hivyo? Hujawahi kuona mtu?" Watoto walimfuata kwa mbali wakicheka. Ng'ombe wenyewe hawakuonekana kujali.

Sinyati ndiye aliyejali. Baba yake hakuwa mtu wa maneno. Yeye alikuwa mtu wa uso, na Sinyati alijifunza kuusoma kabla hajajua kusoma kitabu. Nyusi zikishuka, jibu ni hapana. Pembe ya mdomo ikitikisika, jibu ni ndiyo, lakini usifurahi mapema. Alipomwambia kuhusu Bariki, yule kijana Mmeru aliyekuja kusoma chuo cha misitu na kuanza kununua maziwa kwao hata siku asizokuwa na kikombe, baba alisema neno lake la siku zote: "Tutaona." Kabla Sinyati hajausoma uso wake vizuri, aligeuka na kwenda kufunga lango. Wiki hiyohiyo akaondoka na ng'ombe kwenda Pugu. Na sasa uso wenyewe ulikuwa umefungwa nusu.

*

Kikao kilifanyika barazani. Saruni, akiwa ameshika mdomo kwa kidole ili maneno yasimwagike, alisema, "Tuahirishe."

"Tuahirishe tuwaambie nini?" Tajeu aliruka. "Kwamba unaumwa uso? Kaka, nisikilize. Wale ni Wameru, wanauliza kila kitu. Watasema ukoo wa Saruni una ugonjwa wa mishipa, watoto watazaliwa midomo iko kando. Waje. Mimi ndiye msemaji, na hata Bariki asiambiwe kitu. Wewe kwa desturi yetu huongei, huwageukii wageni, unatazama mlango mpaka wakati wa maziwa. Tutakiweka kiti chako kushoto karibu na ukuta. Watauona upande wa kulia tu, ule mzuri."

"Na wakati wa maziwa?" aliuliza Marta.

Hapo wote walimgeukia Saruni. Mwisho wa posa, baba wa binti hunywa maziwa kwenye kibuyu, akayashika mdomoni na kuwapulizia kichwani binti na mchumba wake, ndiyo baraka. Na kwa mdomo ule Saruni alikuwa anakunywa chai kwa mrija.

"Nitafikiri," alisema Tajeu, ambaye hakuwa na la kufikiri.

Kabla usiku haujaingia, Sinyati alimkuta baba yake zizini. Alisimama nyuma yake akifungua na kufunga kifungo cha sweta.

"Baba. Unataka kuahirisha kwa sababu ya uso, au kwa sababu ya Bariki?"

Saruni aligeuka. Sinyati alimtazama usoni kama alivyozoea. Upande wa kulia ulikuwa unasema kitu, wa kushoto hausemi chochote, na kwa pamoja havikusomeka. Baba yake akafungua mdomo, akaufunga, akatafuta kidole cha kuushikia.

"Tutaona," alisema.

Sinyati alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Asubuhi, baba alimwambia Tajeu maneno mawili tu: "Waje, basi." Sinyati hakujua kama ni ndiyo au ni kuchoka.

*

Jumamosi ilifika na jua zuri, mlima umejitoa wote mpaka kileleni kana kwamba nao umealikwa. Gari la kukodi kutoka Kikatiti lilipiga honi tangu barabarani. Wakashuka Bariki na suti inayombana mabegani, shangazi yake Prisca, ndugu wengine wawili watatu, mikungu ya ndizi, mablanketi, sukari, na Mzee Oscar, mjomba wa Bariki, msemaji wao, amevaa kofia ya pama na kushika fimbo kama mtu aliyezaliwa nayo.

Tajeu alikuwa ameshamweka Saruni kitini, kushoto karibu na ukuta. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Ila Mzee Oscar hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kuja, alikuwa amekwenda kwa Mwarusha mmoja wa sokoni, wa kabila la kina Saruni, kuulizia adabu za huku, asije akawaaibisha watu wake. Na alikuwa ameambiwa kwamba kwenye boma kama hili, mgeni wa posa huketi mkono wa kushoto wa mwenye nyumba, upande wa moyo.

"Sisi tutakaa huku," alisema kwa heshima kubwa, akionyesha nafasi iliyobaki kati ya kiti na ukuta.

"Hapana, mzee, huko pamebana!" Tajeu alisema.

"Desturi haibani," alijibu Mzee Oscar, akifurahi kuwaonyesha kwamba anajua. Benchi likaingizwa. Mzee Oscar, Prisca na Bariki wakajipenyeza, magoti yamepanda videvuni, wakiutazama kwa karibu kabisa upande wa kushoto wa Saruni.

Mazungumzo yalianza. Sinyati alikuwa mlangoni mwa jikoni, upande wa kulia wa kiti, na kutoka pale alimwona baba yake vizuri. Moyo wake ulianza kutulia. Mzee Oscar alikuwa na maneno matamu. Alisema wameona mche mzuri kwenye bustani ya Olmotonyi, wanaomba wakauoteshe Kikatiti, na wamekuja na mbolea. Chumba kizima kilicheka. Saruni naye alicheka. Shavu lake la kulia lilipanda, jicho likabaki mstari. Sinyati hakuwa amemwona akicheka vile mbele ya wageni tangu ng'ombe mwekundu alipozaa mapacha.

Simu ikatikisika mfukoni mwa aproni. Ulikuwa ujumbe wa Bariki.

"Baba yako amekataa?"

Sinyati akaandika, "Amekataa nini? Si anacheka!"

"Nani anacheka?"

"Baba!"

"Siny, mimi niko hapa pembeni yake. Hata kope hapepesi. Ananitazama tu. Natokwa na jasho mpaka kwenye soksi."

Wakati huo Mzee Oscar alikuwa amekohoa. Alimtazama Saruni pembeni, akaona shavu lililotulia kama jiwe na jicho limekodoa. "Naona," alisema, "pengine mbolea haijatosha. Tunaongeza mablanketi mawili."

Tajeu alishtuka, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

Saruni alicheka zaidi, kwa upande wake ule, maana aliona mambo ya mablanketi ni mzaha. Mzee Oscar hakuona kicheko chochote. Akafuta jasho. "Na ndoo ya asali." Akalitazama lile shavu. "Asali ya msituni, siyo ya dukani." Jicho halikutikisika. Shangazi Prisca alimnong'oneza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu mzee ni mgumu, sijaona mtu kama huyu ukoo mzima!"

"Basi," alisema Mzee Oscar, akaivua kofia na kuiweka gotini, "tusiaibishane. Tunaongeza mtamba. Mtamba wa maziwa, mimi mwenyewe nilimpangia kubaki nyumbani."

Tajeu alimbana kaka yake paja. "Nyamaza hivyohivyo," alinong'ona kwa Kimaasai, lugha ya nyumbani kwao. "Unafanya kazi nzuri sana."

Sinyati alikuwa ameshaelewa. Alichukua sinia la chai, akazunguka nyuma ya viti mpaka upande wa ukuta, akainama kumpa Bariki kikombe. Kutoka pale aliinua macho, akamwona baba yake kama wao walivyomwona. Mtu wa mawe. Mtu ambaye binti yake anatolewa mbele yake na hajali. Kikombe kiliinama, chai ikaingia kwenye kisosi. Alijua ule upande wa pili ulikuwa unacheka. Lakini hakujua, hata yeye, kama ulikuwa unacheka mzaha tu, au ulikuwa umekubali.

"Maziwa," alisema Tajeu haraka, kabla mambo hayajaharibika. "Tumalizie na maziwa!"

Marta alileta kibuyu. Sinyati na Bariki wakapiga magoti mbele ya kiti, vichwa chini. Saruni alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Sinyati alimsikia akipiga funda, kisha akasikia tone likianguka kwenye sakafu. Tone lingine. Alipoinua macho aliona maziwa yanamtoka baba yake pembe ya kushoto ya mdomo, yanapita kidevuni, yanalowesha shati jeupe alilolinyosha yeye mwenyewe asubuhi. Mtoto mmoja wa wageni alicheka, akafinywa.

"Amechoka," alisema Tajeu. "Mzee amechoka, jua..."

Saruni alikiweka kibuyu chini. Akageuka, kiti na yeye, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, mpaka uso wake wote ukawaelekea watu wa Kikatiti. Prisca akashika kifua. Saruni aliweka kidole chini ya mdomo wake uliolegea, akausukuma juu.

"Mzee mwenzangu," alisema. Maneno yalikuja moja moja, kila moja likibebwa. "Mimi siyo mgumu. Nimeumwa na mbu."

Mzee Oscar alimtazama asielewe.

"Mbu wa Dar es Salaam. Amenilaza upande huu. Upande huu haucheki, haulii, haufumbi. Ule mwingine umecheka tangu mmefika, ila hamkuuona. Asali rudisheni. Mablanketi rudisheni. Na mtamba wako, mrudishe kwa mama yake."

"Kaka!" alisema Tajeu kwa uchungu wa kweli.

"Na wewe nyamaza. Uliniambia nifiche uso nyumbani kwangu." Alipumua. Mate yalimtoka, akayafuta kwa shuka bila kujificha. "Mimi sikuwa nangoja mbolea. Marta aliniuliza nilifuata nini Kariakoo. Marta, angalia chini ya kitanda, kwenye boksi."

Marta alikwenda, akarudi na boksi. Ndani yake kulikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kamba, vipya, vimejazwa karatasi. Saruni, aliyevaa katambuga kanisani, msibani na siku ya harusi yake mwenyewe, alivitazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Ni vya harusi ya mtoto," alisema. "Mbu aliniuma nikivitafuta, maana mguu wangu ni mpana. Nilivinunua kabla ninyi hamjakodi gari. Nimekubali. Nilikubali zamani, ila sikusema."

Sinyati alikuwa bado amepiga magoti. Alisahau kwamba binti wa posa hapaswi kusimama. Aliinuka, akachukua kibuyu, akamwekea baba yake mdomoni, na alipomaliza kupiga funda, akauweka mkono wake kwenye ile pembe ya kushoto. Akaubana mdomo kwa vidole viwili, vizuri, kama mtu anayefunga mfuko wa sukari.

"Haya, Baba. Pulizia. Nimeshika."

Akapuliza. Maziwa yalitoka kwa nguvu ya mtu aliyeyazuia muda mrefu. Yakampata Sinyati usoni, yakampata Bariki kwenye suti inayobana, yakavuka, yakamwangukia Mzee Oscar na kofia yake ya pama. Kisha Mzee Oscar akalamba sharubu.

"Maziwa mazuri," alisema. "Na mtamba hatumrudishi. Ameshaambiwa anahamia Olmotonyi, ameaga."

Nyumba ililipuka. Prisca alipiga vigelegele mpaka jogoo wa Mama Derick akamjibu. Marta alicheka akilia. Hata Tajeu, baada ya kununa kidogo kwa ajili ya asali, akaanza kuimba, na ikabidi benchi litolewe nje ili watu wapate pa kuchezea.

*

Jioni, gari la Kikatiti lilipoondoka na honi zake, Sinyati alimpelekea baba yake chai na mrija. Alimkuta langoni mwa zizi. Alikuwa amevaa viatu vipya, amesimama kwa uangalifu kama mtu aliyesimama juu ya mayai. Ng'ombe walikuwa wanaingia mmoja mmoja, mwekundu mbele.

Walisimama pamoja, Sinyati upande wa kushoto. Alikuwa ameuchagua makusudi. Aliona kwamba kope la jicho lile lilijaribu kushuka, kidogo sana, kama pazia linaloguswa na upepo, au pengine alitaka tu kuliona hivyo.

"Asubuhi wanatoka wenyewe siku hizi," alisema, ili aseme kitu. "Bila mluzi."

"Wanatoka wenyewe siku zote," alijibu Saruni.

"Sasa mluzi ulikuwa wa nini?"

Baba yake alinyonya chai kwenye mrija, akameza. Sinyati alisubiri ile "tutaona" yake, akawa tayari kutabasamu. Lakini Saruni aliweka kidole chini ya mdomo, akaushika vizuri, kama mtu asiyetaka hata neno moja lipotee njiani.

"Ng'ombe wanaijua njia, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nakuamsha wewe. Sikupenda kuondoka kabla sijakuona."